Mkusanyaji, Mfasiri na Mkalimani: Njia za Kuunda Kompaila na Suala la Kiswahili

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi, mkusanyaji ni mtu anayezitafuta tungo za watu wengine, akazipanga na kuzitoa katika diwani moja. Kazi yake si kutunga wala si kufasiri. Huenda basi likamshangaza mwanafunzi wa Kiswahili kwamba programu iitwayo kompaila, ambayo kazi yake kuu ni kufasiri, ilipewa jina ambalo kwa Kiingereza lina maana ya mkusanyaji. Jina hilo lilitokana na kazi ya Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa pia afisa wa jeshi la wanamaji. Mnamo mwaka wa 1952, akiwa katika kampuni ya Remington Rand iliyounda tarakilishi ya UNIVAC, Hopper alikamilisha programu iliyoitwa A-0. Mtumiaji aliorodhesha nambari za vijiprogramu alivyovihitaji. A-0 ikavitafuta katika utepe wa sumaku vilikohifadhiwa, ikaviunga pamoja na kutoa programu moja kamili. Ilikuwa diwani ya vijiprogramu, na Hopper alikuwa na kila sababu ya kuiita mkusanyaji.

Kazi ilibadilika upesi, lakini jina likabaki. Kompaila ya leo hupokea matini iliyoandikwa katika lugha ya programu, lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma, na kuigeuza kuwa matini ya lugha nyingine ambayo mashine inaweza kuitekeleza. Hiyo ni tafsiri kwa maana kamili ya neno hilo: pana lugha chanzi, pana lugha lengwa, na pana maana inayopaswa kuvuka bila kupotea njiani.

Makala haya yanaeleza njia mbalimbali za kuunda kompaila kwa kutumia istilahi ambazo mwanafunzi wa isimu na tafsiri anazo tayari. Dai lake ni kwamba uchaguzi wa njia hauhusu kasi ya mashine peke yake. Huamua pia kile ambacho mashine itaweza kumwambia binadamu pale inaposhindwa kumwelewa. Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia katika mjadala huu, wala si katika kubadilisha maneno machache ya Kiingereza kama inavyodhaniwa aghalabu.

Mfasiri na Mkalimani

Lugha ya mashine ni mfuatano wa tarakimu 0 na 1, na kila jamii ya prosesa, yaani kiungo cha tarakilishi kinachotekeleza amri, ina lugha yake. Waandishi wa programu wa mwanzo waliandika katika lugha hiyo moja kwa moja, au katika mwandiko ulioikaribia sana. Ilikuwa kazi ya kuchosha na yenye makosa mengi, lakini walioimudu waliionea fahari. John Backus wa kampuni ya IBM alipopendekeza, mwishoni mwa mwaka wa 1953, kwamba mashine ifundishwe kufasiri fomula za hisabati, wengi walikuwa na shaka. Hawakukataa kwamba mashine ingeweza kufasiri. Walikataa kwamba tafsiri yake ingeweza kukaribia ubora wa kazi ya mkono. Ni shaka ileile ambayo wafasiri wa fasihi wamekuwa nayo kuhusu tafsiri za mashine.

Kundi la Backus lilitoa kompaila ya Fortran mwaka wa 1957 kwa ajili ya tarakilishi ya IBM 704, baada ya kazi inayokadiriwa kuwa sawa na ya mtu mmoja kwa miaka 18. Sehemu kubwa ya jasho hilo haikumwagika katika kufasiri kwenyewe bali katika kuboresha tafsiri: kuondoa hesabu zinazorudiwa bure, kuchagua ni tarakimu zipi zikae karibu na prosesa na zipi zihifadhiwe mbali. Backus alifahamu kwamba tafsiri sahihi lakini nzito isingemshawishi mtu yeyote. Ubora wa matini lengwa ndio uliowashinda wenye shaka.

Njia ya Fortran ni njia ya mfasiri. Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare na kuutoa kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969, alifanya kazi yake mara moja na kuikamilisha. Msomaji wa leo hahitaji mfasiri awepo ndipo asome. Hahitaji hata kuiona matini chanzi. Kadhalika kompaila hufasiri programu nzima kabla haijaanza kutekelezwa, kisha hujiondoa, na kinachobaki ni matini lengwa pekee.

Njia ya pili ni ya mkalimani. Atakayesimama kando ya uwanja wa mkutano wa injili katika mji wowote wa Kenya atamwona mkalimani kazini: mhubiri hutamka sentensi, akanyamaza; mkalimani huitoa kwa lugha nyingine, akanyamaza; na mambo huendelea hivyo hadi mwisho. Hakuna kitabu kinachobaki. Mkutano ukirudiwa kesho, ukalimani nao utarudiwa wote. Kuna programu zinazofanya kazi hivi hivi. Husoma amri moja, zikaitekeleza papo hapo, kisha zikaendea ya pili. Mfano wa kale na maarufu ni wa lugha ya Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy katika chuo cha MIT kuanzia mwaka wa 1958. McCarthy alikuwa ameandika, kwa ajili ya hoja ya kinadharia, kanuni iliyoeleza namna semi yoyote ya Lisp inavyopata thamani yake. Steve Russell akaona kwamba kanuni hiyo ikiandikwa katika lugha ya mashine itakuwa mkalimani kamili. McCarthy alimwambia kuwa anachanganya nadharia na utendaji. Russell akaiandika, nayo ikafanya kazi.

Kila njia ina gharama yake. Tafsiri hukawia kuanza lakini huenda mbio ikishaanza. Ukalimani huanza mara moja lakini hujikokota. Mkalimani humfaa anayejaribu na kurekebisha, kwa kuwa kosa huonekana pale pale lilipotokea. Mfasiri humfaa anayetaka kazi itumike mara maelfu. Hata hivyo, ni kosa kusema, kama vitabu vingi vya kufundishia vinavyosema, kwamba lugha fulani ni ya kufasiriwa na nyingine ni ya kukalimaniwa. Tamthilia yenyewe haiamui kama itachapishwa kwa tafsiri au itatolewa kwa ukalimani jukwaani. Lisp hiyo hiyo ilipata kompaila miaka michache tu baadaye. Python, inayotajwa kila mara kama lugha ya ukalimani, katika mfumo wake wa kawaida hufasiriwa kwanza kuwa lugha ya kati, na ni lugha hiyo ya kati inayokalimaniwa.

Njia ya tatu imezichanganya mbili hizi. Mkalimani mzoefu hutambua baada ya muda kwamba mhubiri ana kauli anayoirudia, na badala ya kuifikiria upya kila mara, huwa na tafsiri yake tayari kinywani. Programu za aina hii huanza kwa ukalimani huku zikihesabu ni sehemu zipi zinarudiwa sana. Sehemu hizo hufasiriwa kikamilifu na kuhifadhiwa wakati programu inaendelea. Lugha ya Java iliupata mtindo huu kwa nguvu kupitia mfumo wa HotSpot mwaka wa 1999. Kisa cha V8, mtambo wa JavaScript uliotolewa na Google pamoja na kivinjari cha Chrome mwaka wa 2008, kina funzo zaidi. Mwanzoni waundaji wake waliuacha kabisa ukalimani. Kila kitu kilifasiriwa moja kwa moja kuwa lugha ya mashine. Kufikia mwaka wa 2017 walikuwa wameurudisha ukalimani, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba tafsiri hizo zilijaza kumbukumbu za simu zenye nafasi ndogo. Anayesoma kurasa za mtandao kwa simu ya bei nafuu mjini Garissa au Tabora ananufaika na uamuzi huo.

Lugha ya Kati

Tuseme pana lugha 5 za programu na aina 4 za prosesa. Ikiwa kila lugha itaundiwa kompaila ya kila prosesa, zitahitajika kompaila 20. Lakini zikifasiriwa zote kwanza kuwa lugha moja ya kati, na lugha hiyo ifasiriwe kwa kila prosesa, vitahitajika vijenzi 9 tu: 5 vya mbele na 4 vya nyuma. Wasemaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa sana faida ya lugha ya kati. Mluo na Mmijikenda wanaofanya biashara hawajifunzi kila mmoja lugha ya mwenziwe. Hukutana katika Kiswahili.

Wazo hili lilitolewa mapema, mwaka wa 1958, kwa jina la UNCOL. Lugha hiyo moja ya ulimwengu wote wa tarakilishi haikupata kuundwa. Kilichofaulu ni lugha za kati zenye makusudi madogo zaidi. Katika miaka ya 1970, Niklaus Wirth na wenzake mjini Zürich waliifasiri Pascal kuwa lugha ya mashine ya kubuni, mashine isiyokuwepo, ili aliyetaka Pascal kwenye tarakilishi yake aandike mkalimani mdogo tu wa mashine hiyo. Ndiyo njia iliyofuatwa baadaye na Java mwaka wa 1995. Mradi wa LLVM, ulioanzishwa mwaka wa 2000 na Chris Lattner na Vikram Adve katika Chuo Kikuu cha Illinois, ndio ulioikaribia zaidi ndoto ya UNCOL, kwa kuwa lugha nyingi zisizofanana sasa hupitia kwenye lugha yake ya kati.

Kuna gharama ambayo mwanafunzi wa tafsiri ataitambua mara moja. Matini inayofasiriwa kupitia lugha ya tatu huacha kitu njiani. Lugha ya kati haijui kwamba mwandishi alitumia neno hili badala ya lile. Kosa likigunduliwa upande wa nyuma, ni vigumu kumweleza kwa maneno yake mwenyewe amekosea wapi.

Kompaila Inayojifasiri

Kompaila nayo ni programu, na kila programu huandikwa kwa lugha fulani. Je, inaweza kuandikwa kwa lugha ileile inayoifasiri? Mwaka wa 1962, Tim Hart na Mike Levin wa MIT waliandika kompaila ya Lisp kwa Lisp yenyewe, wakaiendesha kwanza kupitia mkalimani wa Lisp aliyekuwepo, na kompaila hiyo ikajifasiri. Jambo hili si geni sana kwa anayeitumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka wa 1981, ambayo hueleza maneno ya Kiswahili kwa maneno ya Kiswahili. Inamlazimu mtu awe na Kiswahili kiasi kabla ya kuifungua, lakini akishakuwa nacho, lugha hujieleza.

Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa mfumo wa Unix, alionyesha mwaka wa 1984 hatari iliyojificha humo. Kompaila inaweza kutiwa hila ya kupachika mlango wa siri katika programu inayowatambua watumiaji, na hila ya pili ya kuzirudisha hila zote mbili kila inapojifasiri upya. Baada ya hapo hila hizo zinaweza kufutwa katika matini chanzi, na zisionekane tena mahali popote isipokuwa katika tafsiri. Waitaliano wana msemo kwamba mfasiri ni msaliti. Thompson aliuthibitisha kwa namna ambayo walioutunga hawakuifikiria: msomaji anaweza kuikagua matini chanzi neno kwa neno, asipate kosa, na bado akawa amesalitiwa.

Mchoro wa Matawi: Kushuka na Kupanda

Kabla ya kufasiri, sharti kompaila ielewe muundo wa matini. Hatua ya kwanza ni kuukata mfuatano wa herufi kuwa maneno, na hatua hii ni nyepesi. Hatua ya pili ni ile ambayo kila mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya ameifanya kwa kalamu: kuchanganua sentensi kwa kielelezo cha matawi.

Uhusiano huu si wa kuazima mfano. Noam Chomsky alizipanga sarufi katika ngazi zake mwaka wa 1956. Mwaka wa 1959 Backus, ambaye sasa alikuwa akishughulikia lugha ya Algol, alitoa mwandiko wa kanuni za sarufi unaofanana na ule unaofundishwa katika madarasa ya sintaksia, na Peter Naur akautumia katika ripoti ya Algol 60. Mwaka wa 1967 Peter Ingerman alipendekeza kwamba Panini, mwanasarufi wa Kisanskriti wa Bara Hindi ya kale, atajwe pamoja na Backus, kwa kuwa alikuwa ametumia mwandiko wa aina hiyo karne nyingi kabla. Kwa ufupi, sehemu hii ya taaluma ya tarakilishi ilijengwa kwa sarufi.

Tuchukue sentensi: Mwanafunzi mwerevu amenunua kamusi. Kanuni zake ni S → KN + KT. KN → N + V, au N peke yake. KT → T + KN. Kuna namna mbili za kuuchora mti wake. Mchanganuzi anaweza kuanzia juu: natafuta S, kwa hiyo nitafute kwanza KN, natafuta KN, kwa hiyo nitafute N, hili hapa neno mwanafunzi, nalo ni N, je, lipo V baada yake? Lipo, mwerevu. KN imekamilika, sasa nitafute KT. Hii ni njia ya kushuka. Au anaweza kuanzia chini: anasoma mwanafunzi na kuliweka kando kama N, anasoma mwerevu, V, anaona kwamba N na V pamoja huunda KN, anaziunganisha, anaendelea na amenunua, kisha kamusi, akiunganisha vipande hadi vyote viwe S moja. Hii ni njia ya kupanda.

Njia ya kupanda ilipata nadharia yake imara mwaka wa 1965, Donald Knuth alipochapisha makala kuhusu kufasiri lugha kutoka kushoto kwenda kulia. Nguvu yake ni kwamba hairuhusiwi kukata shauri mapema: husubiri hadi kirai kizima kimesomwa ndipo ikipe jina. Udhaifu wake ni kwamba majedwali yake ni makubwa mno kuandikwa kwa mkono. Suluhisho likawa kuyaandikisha kwa mashine. Katika miaka ya 1970, Stephen Johnson wa maabara za Bell aliunda Yacc, programu inayopokea sarufi na kutoa mchanganuzi aliye tayari. Mwanaisimu angefurahi: andika kanuni tu, mengine yote yatajifanya. Kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa njia ya kitaalamu, na aliyeandika mchanganuzi kwa mkono kwa njia ya kushuka alionekana kama fundi asiyejua vifaa vipya.

Mambo hayakubaki hivyo. GCC, kompaila iliyoanzishwa na Richard Stallman na kutolewa mwaka wa 1987, ilitumia wachanganuzi waliozalishwa na programu ya jamii ya Yacc. Mwaka wa 2004 waundaji wake walimwondoa mchanganuzi wa aina hiyo kwa upande wa C++ na kumwandika mpya kwa mkono, kwa njia ya kushuka. Upande wa C ulifuata mwaka wa 2006. Clang, kompaila ya mradi wa LLVM, iliandikwa kwa mkono tangu mwanzo. Sababu zilikuwa mbili, na zote ni za kiisimu.

Ya kwanza ni utata. Katika C, mwandiko A * B. Unaweza kuwa amri ya kuzidisha A kwa B, na unaweza pia kuwa tangazo kwamba B ni kielekezi cha data ya aina ya A. Sarufi pekee haiwezi kuamua, kama isivyoweza kuamua iwapo paa ni mnyama, ni sehemu ya nyumba au ni kitenzi. Lazima mchanganuzi akumbuke A ilitangazwa kuwa nini hapo awali, yaani azingatie muktadha. Aliyeandika mchanganuzi kwa mkono huuingiza muktadha anapoutaka; aliyezalishiwa na mashine hana budi kuuingiza kwa hila.

Upo utata mwingine uliojulikana tangu enzi ya Algol 60, na Kiswahili huudhihirisha vizuri. Tuseme pana agizo hili: Ikiwa mvua inanyesha, basi ikiwa mwalimu hajafika, wanafunzi warudi nyumbani, la sivyo, waende shambani. Je, la sivyo inaifuata mvua au inamfuata mwalimu? Msikilizaji hasiti: hakuna anayepeleka watoto shambani mvuani, kwa hiyo la sivyo ni ya mvua. Kompaila haina habari ya mvua wala ya shamba. Lugha ya C iliweka kanuni kwamba la sivyo huambatana na ikiwa iliyo karibu nayo zaidi, na kwa kanuni hiyo, siku ambayo mvua inanyesha na mwalimu amefika, wanafunzi watapelekwa shambani. Kanuni hiyo ni nzuri, kwa maana kwamba haina utata. Hakuna aliyedai kwamba ina busara.

Sababu ya pili ni namna ya kusema na aliyekosea. Mchanganuzi wa kawaida wa Yacc akikuta asichokielewa hutoa tamko moja tu, lenye maana ya kosa la sintaksia, na kunyamaza. Si ukaidi, ni tabia ya njia yake. Anayepanda kutoka chini ana vipande mkononi lakini hana habari za kile mwandishi alichokusudia kujenga. Anayeshuka kutoka juu anajua kila wakati anachokitafuta: yumo ndani ya sentensi, ndani ya KT, anatafuta KN. Akikosa, anaweza kusema kwamba kitenzi kimepatikana lakini yambwa yake haipo.

Ujumbe wa Makosa na Ngeli

Hopper alipokuwa akiunda lugha iliyokuja kujulikana kama FLOW-MATIC, aliwaonyesha wakuu wa kampuni yake programu iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza, kisha programu ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Alitaka waone kwamba kwa mashine maneno ni alama tu. Wakuu hao, kama alivyosimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, walishtuka. Iliwaelea vibaya kwamba tarakilishi ya Kimarekani ingeelewa lugha za kigeni, na Hopper akalazimika kuwaahidi Kiingereza pekee.

Hopper alikuwa sahihi. Warusi walipata Algol 68 yenye maneno ya Kirusi, na hadi leo mfumo wa biashara wa 1C nchini Urusi huandikiwa programu kwa Kirusi. Anayetaka kuandika ikiwa, la sivyo na rudia katika lugha ya programu atalifanikisha kwa alasiri moja, kwa kuwa maneno hayo huishia katika hatua ya kwanza ya kompaila, ile nyepesi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo faida yake ni ndogo. Lugha ya programu ina maneno maalumu yasiyozidi dazeni chache, na mwanafunzi huyazoea katika wiki ya kwanza. Asichokizoea ni ujumbe wa makosa. Huo ndio wakati pekee ambapo kompaila huacha kuisemesha mashine na kumgeukia binadamu, na humgeukia akiwa amekwama. Akisemeshwa kwa Kiingereza cha kitaalamu asichokimudu, hujifunza kubahatisha.

Kufasiri programu kwa Kiswahili si ndoto. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Katika GCC nako ujumbe hutengwa na programu yenyewe ili ufasiriwe bila kuigusa kompaila. Tatizo ni umbo la ujumbe huo. Huandikwa kama kiolezo chenye pengo, na pengo hujazwa wakati kosa limetokea. Kwa Kiingereza kiolezo kimoja chenye maana ya kutotarajiwa hutosha, kwani kitenzi hakibadiliki neno lolote likiingia penye pengo. Kwa Kiswahili, kiolezo ___ haikutarajiwa kitafaa alama, na kitaharibika papo hapo kwa maneno mengine yote: neno halikutarajiwa, kitambulisho hakikutarajiwa, mabano hayakutarajiwa, mwisho haukutarajiwa. Kiolezo kimoja kimekuwa vitano, na bado wingi haujatajwa.

Wafasiri wengi hukwepa kwa kutanguliza nomino moja ya kudumu: alama ya mabano haikutarajiwa, alama ya neno haikutarajiwa. Sarufi inaokoka, lakini Kiswahili kinachotokana nacho ni cha karani wa forodhani. Njia ya pili ni kuipa kompaila ngeli: kila jina linaloweza kuingia penye pengo liandikwe katika jedwali pamoja na kiambishi chake cha upatanisho, na kitenzi kiundwe wakati ule ule. Njia ya tatu inamtaka aliyeandika mchanganuzi kwa mkono, kwa njia ya kushuka, aandike ujumbe kamili mahali pa kila kosa, kwa kuwa hapo anajua kinachotafutwa ni nini na ni cha ngeli gani. Hii ya tatu ni ya jasho, lakini ndiyo pekee itakayotoa sentensi ambazo mwalimu wa Kiswahili hatazisahihisha kwa wino mwekundu. Haiwezekani kwa urahisi kwa aliyechagua Yacc. Uamuzi uliofanywa katika hatua ya sintaksia, kwa sababu za kiufundi tu, unakuwa umekwisha kuamua ubora wa Kiswahili kitakachomfikia mwanafunzi.

Na jedwali la njia ya pili halitajazwa na mhandisi peke yake. Nomino zinazoingia humo ni zile ambazo Kiswahili kimezikopa karibuni, na matumizi hayajatulia. Baadhi husema faili hii haikupatikana, wengi wao faili hizi. Wengine husema faili hili halikupatikana, na wingi mafaili haya. Magazeti huandika yote mawili, nyakati nyingine katika ukurasa mmoja. Kompaila, ambayo haiwezi kuvumilia la sivyo moja isiyojulikana ni ya nani, itahitaji kuambiwa faili ni ya I-ZI au ni ya LI-YA kabla haijaweza kumwambia mtu kwamba faili yake, au faili lake, halipo.